Macho mawili kwenye lango moja: niwaambiayo walinzi wapya wa Mombasa kuhusu nyuso na umati

Jioni moja ya Iddi nilikuwa kwenye lango la viwanja vya Makadara, mimi upande wa kulia, mwenzangu wa kiume upande wa kushoto. Watu wamejaa hadi barabarani, bembea zinazunguka, moshi wa mishikaki umetanda. Mwenzangu akanigusa bega: “Dada, yule wa fulana nyekundu ana shari.” Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamwona mama mmoja mwenye mtoto mkononi, midomo imemkauka, anaangaza huku na huku juu ya vichwa vya watu. Alikuwa amepotewa na mtoto wake wa pili. Mwenzangu hakumwona yule mama kabisa. Na mimi yule wa fulana nyekundu sikumwona mpaka nilipoonyeshwa kwa kidole, naye kweli alikuwa anatafuta ugomvi na kijana wa tiketi za bembea.

Umati ulikuwa mmoja, tumesimama mahali pamoja, dakika ileile. Mtoto tulimpata nyuma ya kibanda cha maji ya miwa, na ule ugomvi ukazimwa kabla haujawaka. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikiwaza: ingekuwaje kama langoni tungesimama wanawake wawili, au wanaume wawili?

Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka kumi na tano, kwenye kumbi za harusi, maduka, mechi, Maulidi na tamasha za ufuoni. Miaka ya karibuni nimepewa kuwafunza wapya. Binti yangu aliposoma saikolojia chuoni alikuwa ananiletea makala, tunakaa barazani baada ya magharibi ananifafanulia, nami namweleza ya langoni. Ninachowaandikia hapa kimetoka pande zote mbili. Naandika kwa sababu kila kundi jipya linaingia na moja ya maneno mawili: ama kwamba wanawake wana jicho la kuzaliwa na wanaume ni vipofu wa nyuso, ama kwamba mwanamke langoni ni wa kupekua mikoba ya wanawake wenzake tu. Yote mawili yamewahi kutuponza.

Nianze na umati, maana ndio unaomtisha mtu siku ya kwanza. Unasimama, mbele yako watu mia nne, na msimamizi amekwambia “tazama nyuso”. Utazame ipi? Wengi wapya huanza kupita uso mmoja mmoja kama anayehesabu nazi, na wakifika wa ishirini wa kwanza ameshaondoka.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Jason Haberman na David Whitney, walitoa jaribio ambalo mimi nalieleza siku ya kwanza ya mafunzo kabla sijamgawia mtu filimbi. Waliwaonyesha watu kundi la nyuso kwa muda mfupi, kila uso na kiwango chake cha furaha au huzuni. Kisha wakawaonyesha uso mmoja peke yake na kuwauliza: huu una furaha kuliko lile kundi kwa jumla, au una huzuni zaidi? Watu walijibu vizuri sana. Lakini walipoulizwa kama uso fulani ulikuwemo katika kundi lile au haukuwemo, walikuwa kama wanabahatisha. Jicho lilikuwa limeshachota hali ya wote kwa pamoja, sura za mmoja mmoja likaziacha. Ni kama kuonja mchuzi: kijiko kimoja kinakwambia chumvi imezidi, wala hukuhesabu punje.

Na mwaka 2017 watafiti wengine, wakiongozwa na Hee Yeon Im, walionyesha kwamba ubongo hautumii njia ileile katika kazi hizi mbili. Kulinganisha makundi mawili ya nyuso, kwamba lipi nilikwepe, kunapita zaidi njia moja. Kulinganisha nyuso mbili kunapita zaidi njia nyingine. Niliposikia hilo nilimwambia binti yangu, basi ndiyo maana nikiwa namtafuta mtu mmoja sijui umati unaendaje, na nikiwa nausoma umati simshiki mtu.

Kwa hiyo langoni nazitenga kazi hizi mbili. Unapoingia zamu, inua macho uutazame umati wote kwa pumzi moja, halafu andika neno moja kwenye daftari: wametulia, wamechoka, wana haraka, wana hofu, wamekasirika. Usisubiri kupata ushahidi, neno lile la kwanza mara nyingi ni sahihi. Baada ya hapo ndipo ushuke kwenye mtu mmoja mmoja. Kila dakika tano rudia ule mtazamo wa wote, uone kama neno limebadilika. Na ukija kuulizwa baadaye, “Nani alikuwa mbele pale watu waliposukumana?” jibu ulichonacho. Kama uliishika hali na hukushika sura, sema hivyohivyo. Nimewaona vijana wazuri wakitaja mtu kwa sababu msimamizi amekasirika na anataka jina. Usimtaje mtu kwa sura ambayo jicho lako halikuwahi kuichukua.

Mazoezi ya hili yako kwenye kivuko cha feri cha Likoni, na anayevuka kwa miguu halipi. Nenda upande wa kisiwani mnamo saa kumi na moja jioni, watu wanapotoka kazini kurudi Mtongwe, Shika Adabu na Ujamaa. Simama pale pa kungojea. Kabla geti halijafunguliwa, tazama sekunde mbili, geuka ukutani, andika neno lako. Geti likifunguliwa watu wakianza kuteremka kuelekea kwenye feri, tazama tena. Siku feri zinapochelewa, zingatia jambo moja: uso wa umati hubadilika kabla ya sauti. Watu huacha kwanza kutazamana, wanaacha kuzungumza na jirani, videvu vyote vinaelekea upande mmoja. Kelele huja baadaye.

Sisemi haya kwa ajili ya mchezo wa kukisia. Mtu wa Mombasa akikanyaga feri anaijua tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa. Kuna nyumba huku ng'ambo ambazo mpaka leo siku hiyo hupikwa, husomwa, hukaliwa kimya. Anayesimama mbele ya watu wengi mahali pembamba ameshika amana.

Mkikaa mahali penye msongamano, jueni pia kwamba watu wakifikia sita au saba kwenye mita moja ya mraba, mtu hana tena hiari ya mwili wake, anakwenda anakopelekwa. Hapo uso wa kutafuta ni wa aliyeinua kidevu juu kutafuta hewa, mikono ameileta kifuani, macho hayatazami lango wala jukwaa. Uso huo hauna hasira hata kidogo, na ndiyo maana wanaotafuta hasira peke yake wanaupita. Hasa watazame wafupi, watoto, na kina mama waliobeba.

Sasa nirudi kwa yule wa fulana nyekundu na yule mama.

Mwaka 2006 huko Australia, Mark Williams na Jason Mattingley waliwapa wanaume na wanawake kazi ya kutafuta uso wenye hisia fulani katikati ya nyuso zisizo na hisia. Wanaume na wanawake wote waliupata uso wa mwanamume mwenye hasira haraka kuliko uso wa mwanamke mwenye hasira. Wanaume ndio waliokuwa wepesi zaidi kuziona hasira. Wanawake walikuwa wepesi kuliko wanaume kuziona hisia nyingine, kama furaha na huzuni. Niliposomewa hayo nilishika kichwa, maana ni Makadara tupu.

Ila msikimbilie kulibandika hilo ukutani. Hizo ni wastani za watu wengi, na tofauti zake ni vipande vya sekunde mbele ya picha zilizotulia. Mlinzi wako wa leo ni mtu mmoja, na anaweza kuwa kinyume kabisa cha wastani. Ninalolichukua mimi ni dogo na la kutumika: kila mtu ana kitu ambacho jicho lake hukirukia, na kitu ambacho hukiruka. Kijana akija kwangu namuuliza jioni ya wiki ya kwanza, “Leo umeona nini?” Akinitajia wagomvi sita na hakuna hata mmoja aliyepotea, aliyezimia wala aliyelia, nimeshajua pa kumfundisha. Dada akinitajia waliolia wote na hakumwona aliyekunja ngumi, vilevile.

La hasira lina sehemu ya pili, nayo ndiyo inayowadhuru wageni wetu. Mwaka 2007 D. Vaughn Becker na wenzake walionyesha kwamba watu huitambua hasira kwa wepesi zaidi kwenye uso wa mwanamume, na furaha kwenye uso wa mwanamke. Sehemu ya sababu iko kwenye umbo lenyewe: nyusi zilizoshuka na taya pana huufanya uso uonekane wa kiume zaidi, na mambo hayohayo huufanya uonekane wenye hasira. Fikirieni maana yake langoni. Yupo kaka ambaye Mungu amemuumba na paji zito, kila lango la mji huu anasimamishwa, anapekuliwa mara mbili, anaulizwa anatoka wapi. Hakufanya lolote. Na upande wa pili yupo dada ambaye amechemka kweli, amedhulumiwa kiti au pesa yake, anatabasamu kwa adabu ya kimji, nasi tunampisha kwa “karibu dada”, kisha nusu saa baadaye viti vinaruka. Nimeyaona yote mawili, na la pili limetokea zaidi ya mara moja kwenye makesha ya harusi.

Ninachowaomba: kabla hujamsimamisha mwanamume kwa sababu ya uso wake, utafute mwili wake unasemaje. Mabega, mikono, mwendo, anamtazama nani. Kama mwili umetulia na uso peke yake ndio mkali, huo huenda ni uso aliozaliwa nao, mwambie “karibu kaka” na umpishe. Kwa mwanamke fanya hivyohivyo kinyume: usiridhike na tabasamu, tazama mikono imeshikaje mkoba.

Halafu kuna jua. Lango linalotazama mashariki saa kumi na moja jioni hukunjisha ndita wote wanaoingia, maana jua liko mbele yao. Mwaka wangu wa pili kazini nilipeleka taarifa kwenye redio kwamba umati umekasirika, msimamizi akaja mbio na watu watatu, akageuka kulitazama lango kama wageni, akafinya macho, kisha akaniambia nihame upande wa pili wa lango. Nilipohama nikawaona wageni walewale wakiingia kivulini na ndita zikifunguka. Tangu siku hiyo nikifika lindo jipya la kwanza ninalouliza ni jua linazama wapi.

Wataalamu nao walipatwa na jambo la namna hiyo. Mwaka 1988 Christine Hansen na Ranald Hansen walitangaza kwamba uso wenye hasira hujitokeza wenyewe katikati ya umati wa nyuso zenye furaha. Habari ilienea sana. Mwaka 1996 Dean Purcell na wenzake wakazichunguza zile picha, wakakuta kwamba kwenye nyuso za hasira kulikuwa na madoa meusi yaliyotokana na jinsi picha zilivyotengenezwa, na madoa yale yalitosha kulivuta jicho. Binti yangu anasema kila mwanafunzi wa somo hilo hufundishwa kisa hiki. Mimi nakifundisha kwa walinzi. Ukihisi mtu “amekuvuta jicho”, jiulize kilichokuvuta ni nini hasa: ni uso, au ni kofia, kovu, miwani, kivuli cha mwembe kilichompitia usoni?

Sasa nije kwenye kumtambua mtu, kwamba huyu ndiye yule. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye ukumbi mmoja wa harusi tuliletewa picha kwenye simu: mwanamke anayedaiwa kupita kwenye harusi akichukua mikoba. Picha yenyewe ilikuwa imetumwa na kutumwa tena mpaka imepauka. Nilikuwa msimamizi. Langoni nilimweka kijana mmoja, hodari, mwaminifu, hana neno baya na mtu. Nilimpa picha nikamwambia, “Ukimwona, mzuie.” Halafu nikaenda nyuma kupokea gari la vyakula.

Niliporudi alikuwa amemsimamisha mama wa makamo mwenye buibui jeusi, mbele ya wageni, mtoto wa miaka mitano hivi amemshika pindo. Kijana alikuwa amenyoosha simu karibu na uso wa yule mama, anatazama huku, anatazama kule. Nikaitazama picha, nikamtazama mama. Pua haikuwa ile. Nafasi kati ya macho haikuwa ile. Kilichofanana ni buibui, mtandio ulivyofungwa, na umbo la mashavu lililoachwa na mtandio. Alikuwa shangazi wa bi harusi.

Hakupiga kelele. Alivuta ncha ya mtandio akajifunika mdomo, akamwangalia mtoto, akangoja tumalize. Wazee wanasema uso umeumbwa na haya, na siku ile niliiona haya ikiwekwa kwenye uso wa mtu asiyestahili, na nilikuwa mimi niliyetoa amri. Nilimwomba radhi pale, nikaenda kumwomba radhi nyumbani kwao siku ya pili. Kijana yule alilia. Nilimwambia kosa ni langu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii, na niliyoyakuta yalinifunza mengi.

La kwanza, kulinganisha picha na mtu usiyemjua ni kazi ngumu kwa kila mtu. Mwaka 1997 Richard Kemp na wenzake waliwapima makeshia wa duka kubwa nchini Uingereza kwa kadi za benki zenye picha, na zaidi ya nusu ya waliobeba kadi yenye picha ya mtu mwingine walipitishwa. Mwaka 2014 David White na wenzake waliwapima maofisa wa pasipoti wa Australia, watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo. Waliwapitisha watu wenye picha isiyo yao mara 14 katika kila 100, na waliokaa kazini miaka mingi hawakuwa bora kuliko wapya. Hilo nalisema mbele ya wazoefu wenzangu pia. Miaka yangu kumi na tano hainipi ruhusa ya kusema “mimi nikimwona mtu namjua”.

La pili linahusu wanawake na wanaume. Agneta Herlitz na Johanna Lovén walikusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2013, wakakuta kwamba wanawake kwa wastani hukumbuka nyuso zaidi ya wanaume, na pengo huwa kubwa zaidi nyuso zikiwa za wanawake. Ahmed Megreya na wenzake mwaka 2011 walikuta jambo linalokaribiana na hilo kwenye kulinganisha nyuso za watu wasiojulikana: wanawake walikuwa bora kwenye nyuso za wanawake. Kwa hiyo kumweka kijana peke yake amtafute mwanamke mwenye buibui kati ya wanawake mia mbili wenye mabuibui lilikuwa kosa langu la mpango, kabla hata hatujafika kwenye picha mbovu.

La tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu linatuhusu sisi watu wa pwani. Huyohuyo Megreya na Markus Bindemann, mwaka 2009, waliwalinganisha Wamisri na Waingereza. Kwa nyuso za watu wasiowajua, Waingereza walitegemea zaidi sehemu za nje: nywele, umbo la kichwa. Wamisri walikuwa hodari zaidi kwa sehemu za ndani: macho, pua, mdomo. Maelezo yao ni kwamba mtu aliyekulia mahali ambapo wanawake wengi hufunika nywele, jicho lake limezoea kusoma kilicho wazi. Nikawaza utoto wangu Mji wa Kale, nilivyokuwa namtambua bibi yangu kati ya mabibi kumi waliovaa namna moja wakitoka msibani, na hakuna aliyenifundisha. Macho hayana pazia, walisema. Lakini mlinzi aliyetoka bara mwaka jana hajakulia hivyo, naye si mjinga wala hana dharau; jicho lake limefunzwa na nywele na misuko. Mpeni muda, na mpeni zoezi: kila aingiapo mgeni mwenye mtandio, ajisemee kimoyomoyo jambo moja la macho, moja la pua, moja la mdomo. Mavazi asiyataje.

Kwa mwenye nikabu, hatumwambii afunue langoni. Mlinzi wa kike anamkaribisha pembeni mahali penye stara, anamsalimu, anamweleza sababu. Pasipokuwa na mlinzi wa kike hapo, kosa ni la aliyepanga zamu, na mgeni asilipie kosa hilo kwa kuvunjiwa heshima.

Picha za washukiwa za kutumiana kwenye simu nimezipiga marufuku kwa wote ninaowasimamia. Uso wa mtu ni taarifa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikumsahau mlinzi wa lango. Ikija picha kupitia njia halali, inatazamwa na watu wawili, mmoja mwanamke, kila mmoja peke yake, na kila mmoja anatoa jibu lake kabla hajasikia la mwenzake. Wakitofautiana, mgeni anaingia ndani, na mkubwa wa zamu anafuatilia kwa upole.

Hapa mtu huniuliza: basi mama, si tuwaweke wanawake watupu milangoni? Hapana. Mkumbukaji bora niliyewahi kufanya naye kazi ni mwanamume aliyekuwa makanga wa matatu za Kisauni. Miaka mingi ya kujua nani amelipa, nani hajalipa, nani anashukia Bakarani na nani anajifanya amelala, imemfanya asisahau uso. Sura ya mtu aliyemwona mara moja mwezi uliopita anakutajia na kiti alichokalia. Wataalamu wanao watu wa namna hiyo na mwaka 2009 waliwaandika rasmi kama watambuaji wa hali ya juu, wanaume na wanawake. Upande wa pili wapo ambao hawazishiki nyuso kabisa, hata za jamaa zao, na inakadiriwa ni kama watu wawili katika mia. Nimewahi kuwa na dada wa namna hiyo. Tulidhani ana kiburi kwa kutosalimu. Sasa yuko kwenye ukaguzi wa tiketi, anafanya kazi safi kabisa. Ndiyo maana kila mpya nampima kwa picha kabla sijampanga, na wala siangalii kwanza kama ni wa kike au wa kiume.

Kuna utafiti mmoja zaidi ambao naubeba moyoni. Mwaka 2001 Kristi Klein na Sara Hodges wa Marekani waliwapa wanaume na wanawake kazi ya kukisia mtu anayezungumza anahisi nini. Walipoahidiwa pesa kwa kila jibu sahihi, wanaume na wanawake wote walifanya vizuri zaidi, na pengo kati yao likatoweka. Judith Hall alikuwa ameshapitia tafiti 75 mwaka 1978 na kukuta kwamba wanawake kwa kawaida huzisoma hisia za wengine kwa usahihi zaidi. Mimi sikatai hesabu yake. Lakini nikiyaweka haya mawili pamoja naona kwamba sehemu kubwa ya tofauti ni ya nani amezoea kujali nini. Msichana wa kwetu tangu ana miaka sita anaambiwa tazama mgeni amechoka, mletee maji. Tazama nyanya yako amenuna, kaulize kuna nini. Kaka yake anaambiwa tazama wasikupige njiani. Wote wawili walifundishwa kutazama, kila mmoja na lake. Basi kaka, lile alilofundishwa dada yako nawe waweza kujifunza ukubwani. Nimewafundisha wengi na wameshika.

Namna ninavyofundisha ni hii. Wiki ya pili nawapeleka wawili wawili, wa kiume na wa kike, kwenye geti la feri au Marikiti asubuhi mizigo inaposhuka. Kila mmoja ana daftari. Saa nzima hawazungumzi. Kila dakika kumi wanaandika neno la umati, kisha watu watatu waliowaona na kwa nini. Saa ikiisha wanabadilishana madaftari, na kila mmoja anasoma ya mwenzake kwa sauti. Wiki inayofuata kaka anasimama akitafuta tu aliyechoka, aliyepotea, mwenye huzuni. Dada anatafuta tu aliyekunja ngumi, anayemfuata mtu, aliyesimama pasipo sababu.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinisomea daftari lake pale Marikiti, kati ya magunia ya vitunguu. Wiki ya kwanza alikuwa ameandika majina ya ugomvi mtupu. Safari hii ukurasa wa mwisho ulisema: “Mzee wa tatu kutoka mlangoni, kanzu ya kahawia. Ameweka mzigo chini mara nne. Uso unameta jasho na hakuna jua.” Tulikwenda kumtafuta yule mzee, tukamkuta amekaa juu ya sanduku la machungwa, mkono kifuani. Tuliita gari. Dada aliyekuwa naye zamu alikuwa ameshalitazama daftari lake mwenyewe mara mbili, yule mzee hakuwemo.